Kiapo Chako cha Jumapili Nakurudishia

Kolwezi, jioni ya kuamkia safari yako

Solange wangu,

Sitakuuliza hali, maana nakusikia. Uko chumba cha pili unacheka na wenzako wa kwaya mpaka ukuta unatetemeka, na baba yako amekaa juu ya sanduku lako ili zipu ikubali kufunga. Amekataa kushuka. Anasema akishuka tu litafunguka lenyewe na tutaanza upya. Basi nimepata nafasi. Nimejifungia jikoni na kalamu yangu ya shule, sufuria ya sombe, majani ya muhogo, inachemka karibu na kiwiko changu, na kama utaona doa la mawese kwenye karatasi, usiulize limetoka wapi.

Maagizo sitakupa. Baba yako ameyasema yote na kuyarudia, paspoti ikae wapi, maji unywe kiasi gani, mkoba usimwachie mtu hata kama ana sura ya padri. Shangazi yako naye amekueleza mengine ambayo nilijifanya sisikii. Mimi nina jambo moja tu, lile ulilolisema Jumapili.

Ulisimama katikati ya chakula na glasi ya soda mkononi. Ulikuwa umevaa kitenge chako cha njano, watu wa kanisa wamejaa uani, babu yako mbele kwenye kiti chake. Ukasema kwa sauti ambayo hata jirani wa nyuma aliisikia: «Mi naenda Marekani kutumika kazi tu. Sitajenga kule, sitaolewa kule, sitazoea kule. Mama, ni miaka kiloko tu, mbili tatu, ntarudia. Naapa mbele yenu bote!»

Watu wakapiga makofi. Babu yako akagonga fimbo chini kama hakimu. Na mimi, mama yako, nikapiga makofi kuliko wote, viganja vikawaka moto.

Nilifurahi, sitakuficha. Ni mama gani asingefurahi kusikia maneno yale mbele ya mashangazi wote wanaojifanya watoto wao ndio wanaowapenda zaidi? Lakini usiku nilipovua kitambaa cha kichwa nikakaa kitandani, furaha ikaanza kunibana kama kiatu kipya. Nikakumbuka mihogo. Utauliza mihogo gani. Hiyo ndiyo habari yangu, na inabidi nianzie mbali kidogo, kwa hiyo kaa vizuri kwenye kiti chako cha ndege.

Kwamba tulifukuzwa unajua. Unajua kama watoto wote wa nyumba hii wanavyojua, kwa jumla. Baba wa babu yako aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, babu yako akazaliwa hapa hapa Kolwezi, mimi pia, na mjomba wako Kabeya pia. Halafu kampuni ikaanza kuporomoka, mishahara ikawa hadithi, na watu wakaambiwa kwamba kosa ni la sisi wenye majina ya Kasai. Nilikuwa msichana wa sekondari. Vijana waliokuja mlangoni kutuita bilulu, wadudu, wengine nilikuwa nimesoma nao. Wengi wetu walikufa vituoni na njiani. Hao nimewalia, nawalia bado, na uliniona mara nyingi bila kujua ninalia nini. Lakini leo ni siku yako, na ninachotaka kukusimulia ni upuuzi wetu wenyewe. Bibi yako alipokuwa hai nisingethubutu, angenipiga na mwiko.

Tuliambiwa tuchukue tunachoweza kubeba. Wenye akili walichukua mashuka, chumvi, sufuria, mbegu. Bibi yako akachukua jiko la umeme.

Ni lazima uelewe, sisi tulikuwa watoto wa kambi ya kampuni. Umeme wa bwawa la Nzilo ulikuwa kwetu kama hewa, hakuna aliyeufikiria. Bibi yako hakuwahi kuwasha makaa maisha yake yote. Alikuwa na lile jiko jeupe lenye sahani tatu juu na tanuri chini, alilifuta kila siku kama mtu anavyomfuta mtoto uso, na hakuwa tayari kuwaachia wale vijana. Babu yako akamwambia polepole: «Mama Kabeya, kule hakuna kura.» Kura ndivyo alivyoita umeme, kwa Kifaransa chake cha kazini. Bibi yako akamtazama kama amemtukana. «Hakuna? Na batu ya kule banapika na nini sasa? Wacha bongo yako, usinidanganye. Kura ni lazima iko.»

Basi tukabeba jiko. Tulilala nalo kituoni Kolwezi tukingoja treni, na treni ilipotufikisha Tenke, mahali ambapo njia ya kwetu inakutana na ile ya kaskazini, tukashushwa tungoje nyingine. Tenke tulikaa muda mrefu. Lile jiko likawa nyumba. Watoto walilala juu yake, wanawake walisukana nywele wameliegemea, na mama mmoja alijifungulia nyuma yake, tumetundika mashuka pande zote. Mtoto alipolia, kituo kizima kilishangilia. Mama yule kwa furaha akataka kumpa mtoto jina lililoandikwa mbele ya jiko, jina la kiwanda cha Ulaya, na ilibidi wanawake wazima wamsihi kwa zamu mpaka akaacha.

Tulifika kijijini Kasai, mbele ya Mwene-Ditu, kwa ndugu ambao hatukuwahi kuwaona. Watu wakaja kututazama, na zaidi kulitazama jiko. Mzee mmoja alilizunguka, akainama, akafungua tanuri, akauliza linakula nini. Bibi yako akamjibu kwa heshima yote, kifua mbele: «Kura.» Mzee akatikisa kichwa, akasema kitu kama hicho hawana. Na kweli hawakuwa nacho. Bibi yako alikaa pembeni ya jiko lake jioni ile akalia, kisha akaanza kucheka, kisha akalia tena, na Kabeya ambaye alikuwa bado mdogo akaogopa akamkimbilia babu yako. Baadaye kuku mmoja akaingia kwenye tanuri akataga. Wengine wakamfuata. Lile jiko halikuwahi kutulisha vizuri hivyo lilipokuwa na umeme.

Sasa mihogo.

Jirani yetu alikuwa Mama Ntumba, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Wiki zile za kwanza alituletea furushi la vijiti vya mihogo, vile vipande vya shina vya kupanda, akasema kwa Kiluba ambacho nilikielewa nusu kwamba mvua imekuja, tupande. Babu yako akashukuru. Alipoondoka, babu yako akaniambia: «Muhogo unaomba mwaka muzima na zaidi. Sisi mwaka huo tutakuwa tulishaenda.» Akavitupa vijiti nyuma ya nyumba. Tukapanda lengalenga, mboga inayokuja upesi, unakula, unaondoka.

Na si sisi peke yetu. Wote waliofukuzwa kutoka Kolwezi na Katanga yote walifanya vile. Ungepita kijijini ungejua mashamba yetu kwa kuyatazama tu: majani laini ya haraka, hakuna muhogo hata mmoja. Wenyeji walicheka, kisha wakaacha kucheka. Kupanda muhogo kwetu ilikuwa kama kutia sahihi kwamba Kolwezi imekwisha. Babu yako alikuwa na redio ndogo, kila jioni anaisogeza sikioni, anangoja mtu atangaze kwamba tumesamehewa kosa ambalo hatukulifanya.

Mimi nilikuwa mbaya kuliko yeye. Mkuu wa shule ya pale alisikia kwamba Kifaransa changu ni kizuri, akaja kuniomba nifundishe watoto wa darasa la kwanza. Nikamwambia siwezi, narudi Kolwezi. Akauliza lini. Nikasema karibuni. Tangu siku hiyo kila tulipokutana njiani alivua kofia na kuniuliza: «Bado hujaenda?» Wasichana wa kisimani waliniimbia nyimbo zao nijifunze, nikaziba masikio. Waliniuliza kitu kwa Kiluba, nikajibu kwa Kiswahili makusudi, wajue kwamba mimi ni mtu wa mjini ambaye anapita tu. Nilikuwa na kiburi, Solange, kiburi cha mtu aliyekaa juu ya mzigo wake akiangalia reli. Misimu miwili ya mvua niliishi vile. Kiangazi kilipokauka, lengalenga ikafa, na tulikula nini? Mihogo ya Mama Ntumba.

Siku moja mvua ya kwanza imenyesha, nikaenda nyuma ya nyumba kutafuta jembe. Nikaviona vijiti. Vilikuwa vimeegemea ukuta palepale tulipotupa vile vya kwanza, furushi limefungwa kwa kamba yake, na vilikuwa vimechipua. Lilikuwa furushi jingine: Mama Ntumba alikuwa ameleta jipya bila kusema, kwa sababu lile la kwanza lilikuwa limeoza. Alikuwa ameliweka pale kimya na kwenda zake. Vijiti vilikuwa na majani ya kijani kabisa, hata udongo havikuwa navyo.

Nilicheka peke yangu mpaka nikaketi chini kwenye matope. Kisha nikapanda. Sikupanda nyuma, nilipanda mbele ya nyumba, mahali ambapo kila apitaye ataona. Bibi yako akatoka, akanitazama muda mrefu, akaingia ndani. Nikadhani amekasirika. Akarudi amejifunga kitambaa kiunoni, na jembe la pili mkononi. Babu yako alikaa na redio yake mpaka jua likawa juu, kisha akaizima akaja kutuambia kwamba tunapanda karibu karibu mno. Hajawahi kulima muhogo maishani, lakini ndivyo alivyo.

Wiki ile nilikwenda shuleni. Mkuu akavua kofia. Kabla hajauliza nikamwambia: «Nipe darasa.» Pale ndipo nilipokuwa mwalimu. Nikajifunza nyimbo za kisimani, na nyingine ndizo nilizokulalishia wewe, ulidhani ni za Kolwezi. Miaka iliyofuata ni mizuri kuliko yote ya ujana wangu, nakuambia bila aibu. Tulipovuna mihogo ya kwanza, Mama Ntumba alicheza mpaka kanga ikamvuka, na babu yako akatoa hotuba kwa Kiluba kibovu ambayo kijiji kiliiga miezi mingi. Njia ilipotulia na watu wakaanza kurudi Katanga, unajua nani aliyelia kwenye treni? Si babu yako. Ni mimi. Mimi niliyesema napita tu.

Nimekosea mambo mengi, lakini lile ndilo linaloniuma, misimu miwili niliyokataa kuishi kwa sababu niliahidi kurudi. Hakuna aliyeninyang'anya ile. Wale vijana walitunyang'anya nyumba. Misimu miwili niliitupa mwenyewe, nikidhani ni uaminifu.

Na nilifikiri ni mimi tu, mpaka Kabeya.

Mjomba wako ambaye utamkuta uwanja wa ndege alishinda ile bahati nasibu ya viza kama wewe. Alipojua anaenda Marekani alizunguka soko zima la hapa mpaka akapata koti zito la manyoya, koti la mtu wa barafu. Akalivaa tangu Lubumbashi. Akashuka Tucson mwezi wa sita. Alipotoka nje ya mlango alipigwa na joto, akadhani amesimama nyuma ya injini ya ndege, akasogea mbele. Joto likasogea naye. Akasogea tena. Alifika kwenye maegesho ya magari akiwa bado anaikimbia ile injini, ndipo mtu aliyekuja kumchukua akamwambia: «Vua, ndugu. Ni hewa ya hapa.»

Asubuhi yake ya kwanza akaamka na kuona kiwanja cha nyumba aliyopanga kimejaa kokoto, na mimea ya miiba imesimama hapa na pale. Kabeya ni mtoto wa bibi yako, kiwanja kisichofagiwa kinamnyima usingizi. Akadhani mafundi wamemaliza kazi wakaacha takataka. Akachukua reki, akafagia kokoto zote, akazirundika karibu na geti, udongo ukabaki unang'aa. Mwenye nyumba, mama mjane mwenye asili ya Meksiko, akatoka na ndara zake akakuta bustani yake imekuwa kilima. Kumbe kule kokoto ndiyo bustani! Zinanunuliwa, zinamwagwa kwa urembo, kwa sababu maji ni machache na majani hayakubali. Mama yule alishika kiuno, akamtazama Kabeya na jasho lake, akaanza kucheka. Wakazitawanya tena pamoja mpaka mchana. Jioni akamletea chakula kimefungwa kwenye maganda ya mahindi, vile sisi tunavyofunga muhogo kwenye majani. Kabeya akanipigia simu, mimi dada yake mkubwa, anapiga kelele: «Yaya! Huku nako kuko chikwange! Ya mahindi! Na nyama mu ndani!»

Na ile picha unaikumbuka? Ulikuwa bado shuleni. Kusini ya mji ule kuna migodi ya shaba, mashimo makubwa ya wazi kama ya mgodi wetu wa Mashamba, na vilima vya udongo uliotupwa, vyeupe, vimekatwa bapa juu kama vya kwetu. Kabeya akatuma picha amesimama mbele yake. Babu yako akaivuta simu karibu na pua, akaisogeza mbali, akaniita: «Kapinga! Kuja uone. Ule mutoto anatudanganya. Hii njo Mutoshi. Hakutokaka!» Wiki nzima aliamini kwamba Kabeya amejificha Mutoshi, kwenye mgodi wetu hapa hapa, na anatupigia simu za uongo. Alitaka kwenda kumtafuta kwa pikipiki. Mpaka Kabeya alipopiga ya video na kuonyesha barabara na ishara zake ndipo babu yako akakubali, na hata hivyo akasema wale Wamarekani wanaacha shaba nyingi kwenye ule udongo wao, mtu aende awaambie.

Nakuandikia haya ucheke. Lakini kuna ambalo Kabeya hakukueleza.

Miaka mingi kule aliishi bila kitanda. Godoro sakafuni, sahani moja, sanduku limefungwa pembeni, nguo anazitoa na kuzirudisha humo humo. Wenzake wa kazi walimwalika, akasema amechoka. Yule mama wa kokoto alimwalika sikukuu, akakataa, kwa sababu alikuwa anarudi. Kila mwaka alikuwa anarudi. Babu yako alipouliza lini, alijibu karibuni. Nilisikia lile neno kwenye simu nikajua lilikotoka.

Halafu mwaka jana akanipigia, sauti tofauti. Alikuwa amenunua meza. Meza tu, ya mbao, na viti. Akamwalika mama mwenye nyumba na binti yake na watu wa kazini, akawapikia bukari ya unga wa mahindi na samaki, wakala kwa mikono, wengine walijichoma. Walipoondoka akakaa peke yake kwenye meza ile, akanipigia. Akasema: «Yaya, kumbe miaka yote hii nilikuwa bado paka Tenke, nangoja treni.»

Nikamwambia anihesabie viti, akavihesabu kimoja kimoja.

Sasa amefungua sanduku. Amepanda mti wa ndimu karibu na mlango, mama wa kokoto amemruhusu. Mvua zao kule huja katikati ya joto, kwa radi kubwa, zinanyesha kidogo zinaondoka, na watu hutoka milangoni kama watoto kuzinusa. Ilipokuja ya kwanza mwaka huu alinitumia sauti kwenye simu. Ilikuwa mvua tu, inapiga bati la kibaraza, na yeye anacheka nyuma yake. Nimeisikiliza mara nyingi nikisahihisha madaftari.

Kazi utakayoanza nayo utaiona ndogo. Hapa wewe ni muuguzi mwenye diploma, watu wanakuita Mama Muuguzi na bado hujaolewa. Kule utaanza chini, kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi mjomba wako, kuwaosha na kuwalisha, mpaka karatasi zako zikubalike. Utaumia kidogo, naomba usijifanye huumii. Nami nilipoingia darasa lile la kijijini nilikuwa na Kifaransa cha Kolwezi na watoto waliokalia matofali. Wazee wa kule wanataka kuitwa kwa majina yao ya kwanza, bila chochote mbele. Kabeya imemshinda. Kuna mzee mmoja alimwambia amwite Bob, na Kabeya anamwita Tata Bob, kama mzee wa kwetu, na sasa nyumba nzima, hata daktari, wanamwita Tata Bob. Mzee huyo alichimba shaba maisha yake yote kwenye yale mashimo ya kusini. Kabeya alipomwambia anatoka Kolwezi, alimshika mkono akakataa kuuachia mpaka chakula kilipopoa. Wasalimie wote. Waoshe kama ungemwosha babu yako, na uwatanie pia, wazee wa kila nchi wanakufa kwa kukosa utani.

Nimefika kwenye kiapo.

Najua kwa nini uliapa. Hukuwa unajisemea mwenyewe, ulikuwa unasema nami. Uliniona siku zile kabla ya Jumapili nikikunja nguo zako polepole, ukadhani nahesabu kwamba watu wangu wanaondolewa tena. Mtoto mwema wewe. Ulitaka kunipa kitu cha kushika. Na mimi nikakipokea kwa makofi, mbele ya kanisa, mimi niliyepaswa kukuzuia kabla hujamaliza sentensi.

Basi sikiliza. Sisi tulitolewa na watu wenye marungu, wakipiga kelele. Wewe unaondoka na wimbo, na baba yako juu ya sanduku, na babu yako amevaa suti yake ya harusi tangu asubuhi ingawa ndege ni kesho. Hakuna anayekufukuza. Kwa hiyo hakuna haja ya kukaa kule umeinua kichwa kusikiliza kama treni ya kurudi inakuja. Kiapo chako nimekirudisha. Jumapili ijayo nitasimama palepale uliposimama na kuwaambia watu wote, na babu yako akigonga fimbo, mwachie mimi.

Nunua kitanda. Nunua na kabati, la kuingiza nguo zako zote mpaka sanduku libaki tupu ulitupe darini. Jifunze nyimbo za wenye mji. Ukipenda mtu wa kule, mpende sawasawa, na ukitaka kuzeeka ukinusa mvua zile, zeeka. Kuja utakuja, nami nitakupikia, na utaondoka tena, na nitakusindikiza mpaka barabarani kama mtu mzima mwenye mji wake. Itaniuma? Itaniuma, Solange. Nitalia hapa jikoni, nitapangusa pua kwa aproni, na nitaendelea kupika. Hayo ni machozi yangu mimi, usiyabebe kwenye ndege.

Siku moja, sijui lini, nitakupigia simu bila mpango. Nitakuuliza uko wapi, na wewe utakuwa na haraka, funguo mkononi, vyombo vinagongana, mtu anakuita kwa lugha ambayo siijui, nawe utanijibu bila kufikiri: «Niko nyumbani, Mama.» Kisha utataka kulirekebisha neno. Usilirekebishe. Mimi hapa Kolwezi nitapiga vigelegele mpaka majirani watoke kuuliza ni nani anaolewa.

Ni mimi niliyekuzaa, ninayekupenda kuliko ninavyojua kuandika,

Mama yako Kapinga